Unganisha TV na ruta, kwa ruta, au kwenye ruta?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi, nafunga intaneti na TV majumbani hapa Tanga. Wateja wananipigia simu usiku na mchana kwa mambo madogo, nikaona niwaandikie karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili, niwaachie kila nikimaliza kazi. Nimekwama. Niandike "unganisha TV na ruta", "kwa ruta" au "kwenye ruta"? Halafu kuna mteja wangu mmoja, mzee aliyestaafu ualimu, kanikosoa kwamba ruta si Kiswahili, niandike "kipanga njia". Na mwisho, mtandao ndiyo Wi-Fi au ndiyo intaneti? Kipande cha karatasi yenyewe ni hiki: "Baada ya kufunga ruta, TV itakuwa imeunganishwa na ruta. Kama mtandao hakuna, zima ruta uwashe tena. Waya zote zisiguswe."

Jibu: Marahaba, fundi. Mzee wako amegusa nomino, na watu wengi huanzia hapo wanapotaka kusafisha Kiswahili cha vifaa. Mimi karatasi yako naiona ina matatizo makubwa zaidi kwenye vitenzi na kwenye hicho kineno "na", kwa hiyo ruta itasubiri kidogo.

"Unganisha TV na ruta" haina kosa. Kitenzi unganisha kinadai vitu viwili, na "na" inavileta pamoja. Shida inaanza ukikigeuza kitenzi kuwa cha kutendwa, kama ulivyofanya: "TV itakuwa imeunganishwa na ruta." Katika kauli ya kutendwa, "na" hiyohiyo ndiyo tunayomtajia mtenda: mtoto ameumwa na nyuki, TV imeunganishwa na fundi. Sasa TV yako imeunganishwa pamoja na ruta, au ruta ndiyo iliyoiunganisha? Msomaji atakuelewa kwa sababu anajua ruta haina mikono. Lakini andika "nyumba imeunganishwa na kampuni ya simu" uone. Kampuni ilileta mafundi, au nyumba sasa inapata huduma yake? Sentensi inabeba maana zote mbili na haikusaidii kuchagua.

Mtego wa pili wa "na" ni orodha. "Unganisha TV na spika na ruta" humwacha mteja na vitu vitatu mkononi bila kujua kipi kinaingia kwenye kipi.

"Kwa" nayo ina kazi yake. Tunakata mkate kwa kisu, tunasafiri kwa basi. Kwa msomaji wa Tanga, "unganisha TV kwa ruta" humaanisha ruta ni chombo cha kuunganishia TV na kitu kingine ambacho hujakitaja. Nairobi utasikia "weka kwa meza", "niko kwa gari", na huko "unganisha kwa ruta" itapita bila mtu kugeuza shingo. Ndivyo wanavyosema na wanaelewana. Karatasi yako lakini inasomwa Tanga, na hapa ukiitumia "kwa" kuonyesha mahali utakuwa umejinyima neno unalolihitaji kwa kazi nyingine. Tazama:

Unganisha TV kwenye ruta kwa waya.

Kwenye inataja inapoingia, kwa inataja kinachotumika. Ukitaka isiyo na waya, badili neno moja tu la mwisho: kwa Wi-Fi. Kauli ya kutendwa nayo inakaa sawa: TV imeunganishwa kwenye ruta. Hata ukimwongeza mtenda, "TV imeunganishwa kwenye ruta na fundi", kila neno linajua kazi yake. Usiandike "katika ruta", maana katika inavuta maana ya ndani, na sitaki kufikiria mteja atajaribu kufanya nini.

Lakini ngoja. Mteja unayemwandikia hafanyi kazi ya kuunganisha, anafanya kazi ya kuchomeka. Wewe unayeona mfumo mzima ndiye unayeunganisha. Yeye ameshika ncha ya waya na anatafuta tundu. Mwandikie chomeka, na kinyume chake chomoa. Jozi hii ni mali ya Kiswahili chenyewe, imejengwa na ile kauli ya kutendua tunayoikuta katika funga na fungua, ziba na zibua. Fundi wa umeme anaitumia kila siku na bibi aliyeketi sebuleni anaielewa. Kuunga nako kuache kwa kazi yake: waya uliokatika unaungwa, ncha kwa ncha. Ukimwambia mteja "unga TV kwenye ruta", asije akatafuta kisu na nailoni.

Sasa neno la hatari kuliko yote kwenye karatasi yako, na hukuliuliza: kufunga. Kwenu mafundi kufunga ruta ni kuiweka na kuifanya ifanye kazi, kama kufunga dishi au kufunga feni. Lakini wewe uko Pwani. Kuna nyumba Tanga, Mombasa na Unguja ambako kufunga TV au redio ni kuizima, na kufungua ni kuiwasha. Mama wa nyumba hiyo akisoma "baada ya kufunga ruta", atainuka na kuizima, kisha akupigie simu kulalamika kwamba TV haionyeshi. Atakuwa ametii ulichoandika. Ukihitaji kabisa neno hilo, taja mahali: ruta imefungwa ukutani. Hapo hakuna anayedhani imezimwa. Kwa umeme tumia washa na zima. Wapo wanaonung'unika kwamba kuwasha ni kwa moto na taa. Waache wanung'unike, Kiswahili kizima kinawasha simu.

Nimfikie mzee wako. Kipanga njia limeundwa vizuri, sina ugomvi na umbo lake. Ninachouliza ni nani analisema. Linganisha na king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia, na kabla ya hapo redio, magazeti na maofisa walikuwa wakiwaeleza wananchi kwamba bila kifaa fulani TV zao zitakuwa giza. Kifaa kilihitaji jina la kutamkwa hadharani kila siku, kwa watu wa kila umri, na king'amuzi, kutoka ng'amua, likakaa. Leo utakuta pia kisimbuzi katika maandishi ya kiofisi, na yote mawili yana watu wanaoyasema. Ruta haikuwahi kupigiwa mbiu ya namna hiyo. Iliingia nyumbani ndani ya boksi, mkononi mwa fundi, pamoja na jina lake. Kipanga njia likabaki kwenye orodha za istilahi. Mtandaopepe ni jirani yake: wafasiri wameliweka ndani ya mipangilio ya simu zetu, na mwenye simu hiyohiyo anamwambia mwenzake "niwashie hotspoti".

Karatasi ya maelekezo si mahali pa kupigania msamiati. Andika ruta, na uiandike Kiswahili: ruta imezima, ruta yako, ruta mbili. Ngeli ya I-ZI inaipokea bila taabu, kama ilivyopokea rimoti, kebo na modemu. Kinachoharibu lugha ni "ruta amezima", ambayo nimeisikia kwa masikio yangu. Upatanisho huo mwachie Spika wa Bunge. Hapo unasaidia kweli, maana "Spika amenyamaza" na "spika imenyamaza" ni habari mbili tofauti, moja ya Dodoma na nyingine ya sebuleni.

Wi-Fi iache ilivyo. Ni jina la biashara lililobuniwa 1999, na majina ya biashara hatuyatafsiri. Wanaoandika waifai nao hawajakosea kitu katika maandishi ya kawaida, ila wewe fuata herufi ambazo mteja anaziona kwenye simu yake.

Mtandao ndilo swali lako zuri kuliko yote, na jibu ni kwamba neno hilo limebeba mzigo kupita kiasi. "Unatumia mtandao gani?" hapo ni kampuni ya simu. "Mtandao unasumbua" ni minara. "Nimeona mtandaoni" ni intaneti. Na vifaa vya nyumbani vilivyounganishwa pamoja navyo ni mtandao. Katika mazungumzo hakuna tatizo, muktadha unaamua. Katika karatasi ya mteja tatizo ni kubwa, kwa sababu "mtandao hakuna" yaweza kuwa hitilafu mbili zisizohusiana, na dawa zake ni tofauti.

Wewe unalijua hili kuliko mimi, lakini mteja hajui: simu inaweza kuonyesha Wi-Fi imejaa na intaneti isiwepo. Simu imeifikia ruta, ruta ndiyo haijapata kitu kutoka nje. Tena bando likiisha au faiba ikikatwa na wachimba mtaro, mtandao wa ndani haufi. Filamu iliyohifadhiwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye ruta bado inaweza kuonekana kwenye TV kama vifaa vyote viwili vinaruhusu, kwa kuwa safari yake inaanza na kuishia ndani ya nyumba. Kwa hiyo gawa majina, na ukishagawa usiyachanganye hadi mwisho wa karatasi. Kinachotoka nje ni intaneti. Kinachovishika vifaa pamoja ni mtandao wa nyumbani. Mawimbi yenyewe ni Wi-Fi. Mwenye kuuza huduma ni kampuni, na kadi ya simu ni laini. Neno mtandao lisisimame peke yake hata mara moja.

Kuna kichaka kingine humohumo. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi mbili, na ya pili huwa na "5G" mwishoni mwa jina. Mteja anasoma 5G anadhani ni ile ya matangazo ya simu. Ya simu ni kizazi cha tano. Ya ruta ni masafa ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini yanayochoka haraka mbele ya kuta kuliko yale ya gigahezi 2.4. Hili usilitolee maelezo, libadilishe kwenye ruta yenyewe: zipe Wi-Fi hizo majina ya Kiswahili, moja "Sebuleni" na nyingine "Nyumba nzima". Hakuna istilahi inayoweza kushinda hayo.

Kipande chako ningekiandika hivi:

"Ruta imefungwa ukutani na TV imeunganishwa kwenye ruta kwa waya mweupe. Usiuchomoe. TV ikigoma kuonyesha, tazama simu yako kwanza. Kama Wi-Fi haionekani kabisa, chomoa ruta kwenye umeme, hesabu hadi thelathini, chomeka tena. Kama Wi-Fi ipo lakini intaneti hakuna, angalia bando, kisha ipigie kampuni."

Neno la siri litakuja kwenye ukurasa huohuo, nadhani. Andika nenosiri au nywila, lolote, ila lile utakalochagua lifanane na linaloonekana kwenye simu za wateja wako. Nyingi zinasema nenosiri.

Na zile "waya zote". Kamusi zinaiweka waya katika ngeli ya U-ZI: waya huu, nyaya hizi. Mitaani "waya hii, waya hizi" imeshazoeleka, na sitakukamata kwa hilo ukiwa juu ya ngazi. Kwenye karatasi andika nyaya. Tena usiandike "nyaya zote zisiguswe", maana katazo la kutendwa halimtaji mtu, na mtoto wa nyumba hiyo atajiona hahusiki. Andika "usiguse nyaya".