Jibu: Chardonnay ya nyanda za baridi kuwa na uchachu mwingi

Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini Chardonnay (mvinyo mweupe) uliyoinunua kwa familia inayolima mizabibu penye baridi ina uchachu wa limau na haina harufu, na iwapo chembe zinazong'aa chini ya chupa ni vioo.

Kwanza angalia joto la mvinyo, kwa sababu chupa iliyotoka jokofuni ikiwa na nyuzi 4 hivi huficha harufu na kuuzidisha uchachu. Mimi huiacha mezani hadi ikaribie nyuzi 10 au 12. Kabla ya kulijua hilo niliwahi kumwaga chupa karibu nzima, na bado ninajuta. Chembe hizo zinazong'aa si vioo, ni chumvi ya asidi ya tartariki, asidi iliyomo kwenye zabibu, hazidhuru.

Uchachu ukibaki, ndiyo tabia ya zabibu zilizoiva polepole, kama zile za Chablis nchini Ufaransa, na huzidi pale mtengenezaji anapozuia uchachushaji wa pili, ule unaogeuza asidi ya maliki, yenye ukali wa tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini zaidi. Chupa ya kurudishwa ni ile inayonuka boksi lililolowa, kwani hapo huenda kizibo kimeiharibu.