Kakakuona ameonekana shambani, tumpe chakula gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Juzi jioni vijana wetu hapa Mbarali walimkuta kakakuona pembeni mwa shamba la mahindi. Wazee wanataka awekewe maji, unga na panga mbele ya watu, tujue msimu utakuwaje. Mganga mmoja naye anaulizia magamba. Kwa sasa tumemfungia stoo. Tumlishe nini?

JIBU: Marahaba. Msimlishe chochote. Kakakuona hana hata jino moja. Anaishi kwa sisimizi na mchwa anaowanasa kwa ulimi mrefu wenye ute. Ugali na maziwa vitamdhuru tu. Mpigieni leo hii afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Hadi wafike, awe mahali penye giza na kimya, mbwa wakae mbali, na mtu yeyote asijaribu kumkunjua kwa nguvu.

Sasa hilo la utabiri. Mvua zikichelewa, swali hili hunifikia tena na tena, na linaniumiza. Naheshimu mila za Usangu na naelewa hofu ya mkulima anayetazama mbingu. Lakini fikirini: mnyama wa usiku, anayetembea peke yake, anazungushwa juani siku nzima katikati ya ngoma na vigelegele. Akienda kwenye maji, watu wanashangilia kwamba mvua inakuja. Ana kiu! Akijiviringisha asiguse kitu, wanasema ni balaa. Anaogopa. Wengi hufa siku chache baada ya kushikwa, kwa mshtuko na njaa. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi.

Kuonekana kwake kuna sababu za kawaida. Kakakuona wa nyika mara nyingi hulala kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Tukilima au kuchoma pori hadi ukingoni, anahama, na njiani anakutana nasi.

Huyo mganga mwambieni wazi: magamba yametengenezwa kwa keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zake mwenyewe. Hayatibu pumu, hayaleti mali, hayafukuzi majini. Anayewauzia dawa hiyo anawauzia kucha, tena anawaachia kesi, kwa sababu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inayahesabu magamba kuwa nyara ya Serikali. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, huko Johannesburg, nchi zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya jamii zote 8 za kakakuona. Wanunuzi hawakutoweka, ila sasa wanatumia madalali wa vijijini, na akikamatwa mtu huwa ni kijana aliyekutwa na gunia.

Tena msirushe picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp mkitaja kijiji. Dalali anaweza kufika kabla ya afisa.