Nyuki Watakula Nini Ukishavuna Asali?

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba kila akirina asali, nyuki wake huhama. Swali hili huniuma kila nikilisikia, ndiyo maana leo nalijibu hadharani.

Asali ni akiba ya nyuki kwa siku ambazo maua hayana mbochi, yaani maji matamu ambayo nyuki hugeuza kuwa asali. Ukiichukua yote, huwaachii sababu ya kubaki. Mimi nilichekwa sana na wafugaji wenzangu kwa kuacha masega yaliyojaa mzingani, na mnunuzi mmoja akaniambia bila haya kwamba nachezea pesa. Sijayasahau maneno yale. Ila kiangazi kilipokaza, mizinga yao ikabaki mitupu huku yangu ikivuma asubuhi hadi jioni.

Fungua mzinga, puliza moshi kidogo, kagua sega moja baada ya jingine. Katikati utakuta majana, yaani watoto wa nyuki, na kuyazunguka kuna vyumba vya chavua, vingine vya manjano, vingine vya rangi ya chungwa, kisha asali imejipinda kwa juu. Hapo usiguse! Nyuki mtenda kazi huishi kama wiki 6 tu msimu wa maua, kwa hiyo ukiharibu majana umewanyima nyuki warithi wao. Vuna masega ya pembeni, au ya kasha la juu, yaliyokwisha kuzibwa kwa nta. Yasiyozibwa waachie, asali yake bado ina maji mengi na itachacha.

Kama una mashine ya kukamulia, warudishie masega matupu. Inakadiriwa kwamba nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta ya kujengea masega. Kwa nini uwalazimishe kuanza upya wakati akiba imepungua?

Wengine hukimbilia maji ya sukari. Yanasaidia njaa ikibisha hodi, lakini hayana protini ya chavua. Yaweke ndani ya mzinga jioni, usiyaweke mlangoni, maana nyuki wa mizinga mingine watavamia na kupora.

Ndugu yangu, anayekausha mzinga mpaka tone la mwisho asijiite mfugaji. Waachie nyuki kwanza, kisha hesabu chako. Kwenye nchi za baridi kali, kundi moja huachiwa hata kilo 20 hadi 30 za asali. Na kabla hujawasha moshi safari ijayo, inua mzinga kidogo kwa nyuma. Ukiinuka kirahisi, rudi nyumbani na ndoo yako tupu.