Fedha za hisani na muda wa shamba: ushauri kwa maafisa ruzuku wapya

Ukianza kazi katika taasisi ya hisani inayofadhili chakula na kilimo, swali utakaloulizwa kila wiki ni "tutoe kiasi gani?" Kiasi kina uzito wake, lakini miradi mingi ya kilimo endelevu huharibikia kwingine: fedha zilifika wakati watu wamekwisha kupanda, mkataba uliisha kabla udongo haujabadilika, au shirika lililipiwa kila kitu isipokuwa mshahara wa mhasibu wake. Kwa hiyo ushauri huu unahusu umbo la ruzuku: inafika lini, inadumu muda gani, inalipia nini, inapimwa kwa vigezo gani. Hayo yamo mikononi mwako hata bajeti ikiwa ndogo.

Anza na siku ya kupanda, kisha rudi nyuma

Kabla ya kuandika tarehe yoyote kwenye mkataba, muulize mwombaji: mvua au maji ya umwagiliaji huanza lini, na zao la kwanza hupandwa wiki gani? Kutoka hapo hesabu kurudi nyuma. Mbegu zinatakiwa ziwe mikononi mwa wakulima wiki 3 au 4 kabla ya kupanda. Kabla ya hapo zinunuliwe, zisafirishwe, zijaribiwe uotaji: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku 7 hadi 10, kisha unahesabu zilizoota. Zikiota 60 tu, mzigo urudishwe au wakulima waongeze mbegu kwa kila shimo, na yote mawili yanataka muda. Mboji huchukua miezi 2 hadi 4 kuiva. Miche ya miti hukaa kitaluni miezi 3 hadi 6, mingine zaidi. Mbegu za mikunde ya kufunika udongo mara nyingi hazipatikani sokoni kwa wingi, kwa hiyo huzalishwa msimu mzima kabla ya kugawiwa.

Ukijumlisha, fedha ziwe kwenye akaunti ya shirika angalau miezi 6 kabla ya kupanda, na bodi yako iwe imeamua miezi 8 au 9 kabla. Bodi inayokutana mara 4 kwa mwaka ikiahirisha kikao kimoja, msimu umekwenda. Penye msimu mmoja kwa mwaka, huko ni kuchelewa miezi 12.

Fedha zikichelewa, shirika haliziachi zilale, kwa sababu taarifa ya robo mwaka inadai matumizi. Linaendesha semina. Ndiyo maana utasoma ripoti zenye semina nyingi na mashamba machache. Ukiipata ripoti ya namna hiyo, kabla ya kulilaumu shirika angalia kwanza tarehe ulizotuma fedha.

Kugawa malipo katika mafungu sawa ya kila robo nako hakufai. Kilimo hula fedha mwanzoni, basi fungu la kwanza libebe asilimia 50 hadi 60 ya fedha za mwaka. Utaratibu wa shirika kutumia kwanza na kudai baadaye uuepuke kabisa kwa vikundi vya wakulima. Vikundi visivyo na akiba haviwezi kuingia, na hivyo ndivyo ulivyokusudia kuvifikia.

Miaka miwili haitoshi

Shamba linapoacha mbolea za viwandani na viuatilifu, likaingia kwenye mzunguko wa mazao, mikunde na samadi, mavuno yanaweza kushuka katika misimu ya kwanza. Naitrojeni iliyofungwa ndani ya samadi na masalia haimfikii mmea mpaka bakteria na kuvu wa udongoni waivunje. Masalia yenye kaboni nyingi, kama mabua makavu, huzidisha tatizo: wanaoyaozesha huchukua kwanza naitrojeni ya udongo kwa mahitaji yao, na mazao yanageuka njano. Magugu nayo huongezeka, kwani dawa ya kuyaua imeondolewa, huku wadudu wanaokula waharibifu wakiwa bado wachache. Mambo ni tofauti pale ambapo udongo ulikuwa umechoka na hakuna pembejeo iliyokuwa ikitumika. Hapo samadi na mikunde inaweza kupandisha mavuno mapema. Muulize mwombaji shamba linatoka hali gani, na bajeti ya palizi ya msimu wa kwanza ameiweka wapi.

Sheria za cheti cha kilimo hai zinaongeza muda. Katika Umoja wa Ulaya, mazao ya msimu hutakiwa kipindi cha mpito cha angalau miaka 2 kabla ya kupandwa, na mazao ya kudumu miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya kilimo hai. Marekani inadai miezi 36 bila pembejeo zilizokatazwa kabla ya mavuno. Ruzuku ya miezi 24, basi, inamwacha mkulima amebeba hasara za mpito na hajauza hata kilo moja kwa bei ya kilimo hai. Ndipo wengi hurudi walikotoka.

Ahidi miaka 5 tangu mwanzo, na kwa utafiti 10. Weka tathmini mwaka wa 3 kwa ajili ya kubadili mwelekeo, na useme wazi ni mambo gani tu yanaweza kuuvunja mkataba. Mbinu ya sukuma-vuta ya kudhibiti vipekecha shina na gugu la kiduha kwenye mahindi na mtama ni mfano mzuri. Iliendelezwa na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza tangu miaka ya 1990, na Gatsby Charitable Foundation ikiwa mfadhili wa mapema. Desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, hupandwa kati ya mistari ili kufukuza nondo wanaozaa vipekecha hao na kudhoofisha kiduha, na nyasi za kuwavutia nondo huzungushwa pembeni. Desmodiamu huchelewa kushika ardhi na hutaka palizi ya uangalifu mwanzoni. Mfadhili aliyepima faida baada ya msimu mmoja angeona kazi tupu.

Kipimo utakachochagua ndicho shamba litakachofuata

Rockefeller Foundation ilianza mpango wake wa kilimo Mexico mwaka 1943, na mwaka 1960, pamoja na Ford Foundation na serikali ya Ufilipino, ikaanzisha taasisi ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyotoa mbegu ya IR8 mwaka 1966. Ni fedha za hisani zilizobadilisha kilimo cha dunia, na uvumilivu wake unastahili kuigwa. Lakini kipimo kikuu kilikuwa mavuno ya nafaka kwa hekta, na mifumo ikajengwa kukitumikia: aina chache za mbegu, mbolea nyingi, maji mengi. Kina cha maji ya ardhini kinachozidi kushuka katika jimbo la Punjab nchini India hakikuwamo kwenye hesabu hizo.

Leo kipimo kinachoshawishi ni kaboni ya udongo. Ipige hesabu mwenyewe. Hekta moja hadi kina cha sentimita 30 ni meta za ujazo 3,000. Udongo wenye uzito wa tani 1.3 kwa meta ya ujazo unafanya tani 3,900, na kaboni ikiwa asilimia 1 ni tani 39. Chukua kwamba mkulima anafanya vizuri na kaboni inaongezeka tani 0.4 kwa mwaka. Baada ya miaka 2 ana tani 0.8 zaidi, yaani asilimia 2 ya ile aliyokuwa nayo. Sampuli mbili kutoka shamba hilohilo, siku hiyohiyo, zinaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Mradi wa miaka 2 unaoahidi kukuonyesha kaboni unaahidi kisichopimika.

Kuna mtego mwingine. Mkulima akiacha kulima kwa jembe la trekta, udongo unaweza kushikana, na sentimita 30 zilezile zinabeba udongo mzito zaidi. Namba inapanda bila kaboni kuongezeka. Ukitaka kipimo hiki, lipia uzito wa udongo kwa ujazo pamoja na asilimia ya kaboni, chukua sampuli mwezi uleule wa mwaka, weka alama za kudumu kwenye sehemu zilizochimbwa, kisha urudi baada ya miaka 5 hadi 10.

Ndani ya miaka 3 pima vinavyoonekana: sehemu ya ardhi iliyofunikwa wakati wa ukame mkali zaidi, idadi ya mazao shambani, miezi ambayo kaya ilinunua chakula badala ya kula chake, gharama za pembejeo kwa hekta, na siku za kazi, zikitenganishwa za wanawake na za wanaume. Hicho cha mwisho hukatwa mapema kwenye bajeti, na hakipaswi kukatwa. Mbinu inayookoa fedha za dawa kwa kuongeza palizi inaweza kuwa imehamishia mzigo kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Mavuno yapimwe kwa mraba wa meta 5 kwa 5 uliochaguliwa kwa bahati nasibu, na nafaka ikokotolewe kwa unyevu mmoja, kwa kawaida karibu asilimia 13 au 14. Ukilinganisha nafaka mbichi ya shamba moja na kavu ya jingine umepoteza kazi. Usipime mashamba ya maonyesho peke yake. Watafute pia walioacha. Watu 10 walioacha watakueleza kuhusu mbinu hiyo mambo ambayo 100 walioendelea hawana sababu ya kuyataja. Kwa miti, hesabu iliyo hai baada ya miezi 12 na 24. Idadi iliyopandwa inaonyesha tu kazi ya kitalu.

Lipia gharama halisi

Kodi ya ofisi, mhasibu, bima, matengenezo ya gari: bila hivyo afisa ugani hafiki shambani. Serikali kuu ya Marekani ilipandisha kiwango cha kawaida cha gharama zisizo za moja kwa moja katika ruzuku zake kutoka asilimia 10 hadi 15 mwaka 2024, nacho bado ni kidogo kwa mashirika mengi. Acha kuuliza asilimia. Omba hesabu za mwaka mzima za shirika, uone gharama hizo ni kiasi gani kweli, ulipe sehemu yako. Usipolipa, mashirika hukopa kutoka ruzuku nyingine au huwapa wafanyakazi mikataba ya miezi 11, na mtu aliyeijenga imani ya wakulima anaondoka katikati ya msimu. Weka pia akiba ya asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya kupanda kwa bei na kuyumba kwa sarafu.

Ruzuku, mkopo, na fedha zinazobaki benki

Toa ruzuku kwa kisichoweza kujilipa: utafiti, ugani, kujenga ushirika, utetezi wa sera, hasara za mpito. Mkopo au dhamana vifae ghala, mashine ya kukaushia, gari la kukusanyia mazao. Marejesho ya kila mwezi humlazimisha mkulima kuuza siku ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa; weka tarehe miezi 2 au 3 baada ya mavuno, na ghala liwepo kabla ya mkopo. Pembejeo za bure huua wauza mbegu wa mahali, basi hati punguzo kwa maduka yao ni njia bora.

Kwa taasisi binafsi za Marekani, sheria ya kodi inadai zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao. Mikopo na uwekezaji wa kutimiza lengo la hisani huhesabiwa humo. Uliza asilimia 95 nyingine imewekezwa wapi. Kama imo kwenye kampuni zinazokata misitu kwa ajili ya mashamba ya zao moja, mkono mmoja unabomoa kile mwingine unachojenga, na ule unaobomoa una fedha nyingi zaidi. Wewe ni mgeni kazini, lakini swali hilo una haki ya kuliuliza.

Soko la uhakika hufanya kazi ambayo ruzuku haiwezi. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua kwa wakulima wa kifamilia. Hakuna taasisi ya hisani inayoweza kununua kiasi hicho. Inaweza kulipia kinachokosekana katikati: chumba cha baridi, mtu wa kujaza zabuni, mafunzo ya wapishi, mwanasheria wa ushirika.

Ardhi usiipite haraka. Anayekodi kwa mwaka hapandi mti wa kuzaa mwaka wa 5, na udongo ukinawiri mwenye shamba anaweza kulichukua. Omba kuona muda wa mikataba ya ukodishaji kabla ya kusaini wako.

Mwisho wa ufadhili utangaze kwa barua miezi 18 kabla, ukionyesha kiasi kitakavyopungua: kwa mfano asilimia 100, kisha 60, kisha 30. Fungu la mwisho lilipwe baada ya mavuno kuuzwa, ili mhasibu na afisa ugani wawepo wakati wa kufunga hesabu na kuandaa msimu unaofuata.