Kuishi ugenini na kuwa raia si jambo moja

Ndugu, umeuliza kama mpwa wako wa Kisumu, aliyehamia nchi moja ya Ulaya kwa masomo, anaweza kuiwakilisha nchi hiyo katika riadha kwa sababu tu ameishi huko miaka kadhaa. Ukaazi na uraia ni mambo mawili. Mfano ulio wazi ni wa Wilson Kipketer, mkimbiaji mzaliwa wa Kenya aliyesoma Iten kabla ya kwenda Denmark mwaka 1990: shirikisho la riadha la dunia lilimruhusu kuikimbilia Denmark, naye akatwaa dhahabu ya mita 800 katika Mashindano ya Dunia huko Gothenburg mwaka 1995, lakini mwaka uliofuata alikosa Olimpiki ya Atlanta kwa kuwa hakuwa bado raia kamili. Binafsi naona alionewa. Tangu 2018 kanuni za kubadili nchi zimekazwa, kwani mwanariadha aliyekwisha kuiwakilisha Kenya hungoja kwa kawaida miaka 3, awe ametimiza umri wa miaka 20, na aweza kubadili mara moja tu. Ikiwa kijana hajawahi kuvaa jezi ya Kenya, kikwazo chake kikubwa ni pasipoti. Mashindano ya taifa ya huko, hata hivyo, yana masharti yake, kwa hiyo awaulize klabu yake mapema.