Kigumu chini ya chuchu baada ya kupunguzwa matiti
Ndugu yangu, naielewa vyema hofu yako kwamba kigumu unachokigusa chini ya chuchu, wiki ya 6 baada ya upasuaji wa kupunguza matiti yaliyokua kwa mwanamume, ni titi linalorudi. Mara nyingi hilo ni kovu la ndani: pale tezi ya titi ilipotolewa mwili hujaza nyuzi za kolajeni (protini inayojenga kovu), ambazo miezi ya mwanzo huwa ngumu na zenye mafundofundo, kisha hulainika polepole, pengine hadi miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo usiharakishe kudai upasuaji wa pili. Endelea kuvaa fulana ya kubana kwa muda ulioelekezwa, na daktari akisharidhika kwamba kidonda kimefunga, muulize kuhusu kukanda: ncha za vidole viwili, kwa mduara, ukiisogeza ngozi pamoja na kilicho chini yake badala ya kuteleza juu yake. Ganzi ya chuchu nayo kwa kawaida hupungua taratibu. Lakini upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza, au ukipata joto linaloenea kifuani, usaha au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, tafadhali usisubiri miadi.