Mwanamke na kazi ya kuchora sura za watu: jibu kwa mama wa Mbale

Mama, umeeleza kwamba binti yako amemaliza kidato cha sita, anataka kuwa mchoraji wa sura za watu, na baba yake anapinga kwa sababu hajapata kumwona mwanamke anayeishi kwa kazi hiyo. Mimi naishi kwayo hapa Kampala, huu ukiwa mwaka wa 19, na watoto wangu wawili wamesomeshwa kwayo. Hofu ya baba yake ni ya haki. Hata hivyo, michoro uliyotuonyesha inatosha kabisa kuanzia, kwa hiyo kipaji si jambo la kukukosesha usingizi. Ninalolihofia mimi ni kama nyumbani kwenu, na baadaye nyumbani kwake mwenyewe, atakuwapo mtu wa kuihesabu kazi yake kuwa kazi.

Miaka yangu minne ya kwanza ilipotea kwa kukosa mtu huyo. Watu waliniletea picha za pasipoti za marehemu wao niwachoree kwa ajili ya kumbukumbu, au picha za wazazi wa bibi harusi mtarajiwa siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba nyumbani kwao, ikikaribia, nami nilitaja bei kwa kumtazama mteja usoni. Jirani alilipa nusu, ndugu hakulipa kitu, na kila aliyepita mlangoni aliniona nimekaa tu, hivyo akanituma. Kisha mtu mmoja mwenye cheo aliniagiza nimchoree mama yake aliyefariki, picha kubwa kama mlango. Niliifanya kwa miezi miwili bila kupokea malipo ya awali. Alipokuja kuichukua alisema nimemfanya mama yake mweusi kupita kiasi, akaondoka, na simu zangu hakuzipokea tena. Picha hiyo ninayo hadi leo. Ni kazi nzuri, na mama yule alikuwa mweusi hivyohivyo.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akiuza nguo katika soko la Owino na hajawahi kushika brashi. Alininunulia kaunta buku, akanikataza kupokea kazi yoyote isiyoandikwa humo. Tangu hapo bei hufuata ukubwa wa turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na idadi ya watu walio pichani, nusu hulipwa kabla sijaanza, na mteja huuona mchoro wa mkaa na kuukubali kwa sahihi yake kabla rangi haijagusa kitambaa. Ndugu wanalipa pia. Wengine walinuna mwaka mzima.

Baadaye nilisoma habari za Mary Beale, mchoraji wa Uingereza aliyeishi kati ya 1633 na 1699, nikashangaa kukuta daftari la dada yangu katika nyumba ya London ya zaidi ya miaka 300 iliyopita. Mumewe, Charles, alikuwa amepoteza ajira yake ya serikali, na badala ya kuona haya akawa mtunza hesabu wa mkewe: alimtayarishia turubai na rangi, akaandika nani amekuja kuchorwa, lini, na amelipa nini. Picha ya kichwa na mabega ilikuwa pauni 5, na ile inayoteremka zaidi mwilini pauni 10, bei inayojulikana kwa kila mtu. Wana wao wawili walisaidia kuchora nguo na mapambo ya pembeni. Katika mwaka 1677 pekee Mary alipata kazi 83. Sehemu ya kumi ya mapato ilitengwa kwa ajili ya maskini, na yeye mwenyewe alijaribu kuchora juu ya kitambaa cha magunia ili kupunguza gharama. Miaka ya baadaye mitindo ilibadilika na wateja wakapungua, jambo ambalo binti yako naye alitarajie, lakini familia nzima ilikuwa imekula kwa mkono wa mama huyo kwa miaka mingi.

Habari ya magunia ilinigusa kwa sababu mimi hutumia amerikani. Turubai iliyotengenezwa tayari ni ghali, hivyo fundi wa Ndeeba hunikatia fremu za mbao, navuta kitambaa juu yake, napaka gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, kisha rangi nyeupe mara tatu, nikisugua kwa msasa kila inapokauka.

Kuhusu mafunzo, amtafute mwalimu anayejua ngozi zetu. Mwanafunzi mchanga hutia rangi nyeusi ili kuikoleza ngozi, na matokeo yake ni uso wenye rangi ya majivu. Mimi hujenga uso kwa kahawia, nyekundu ya udongo na bluu, maana ngozi yetu huakisi anga kwenye paji la uso na mashavuni, na weusi wake una joto ndani. Vivyo hivyo na mwanga. Vitabu vya Ulaya huagiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo. Kampala iko karibu mno na ikweta: kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua hupita kaskazini yetu, na miezi mingine hupita kusini. Kwa hiyo nina madirisha mawili, na kiti cha mtu anayechorwa nakihamisha mara mbili kwa mwaka. Hilo nililigundua kwa kuharibu kazi.

Baba yake akisema sanaa si ya wanawake, mkumbushe kwamba mafunzo ya sanaa pale Makerere yalianzishwa na mwanamke, Margaret Trowell, katika miaka ya 1930, na kwamba Theresa Musoke, aliyesoma palepale, alipoondoka nchini katika miaka ya 1970 aliendelea na uchoraji wake huko Kenya.

Lakini sidhani kwamba historia itamgeuza. Jaribuni hivi: baba akubali kuketi mbele ya binti yake kwa saa mbili, siku tatu mfululizo, kwenye mwanga wa dirisha, simu ikiwa imezimwa. Atamwona mtoto akipima umbali wa macho, akifuta, akirudia pua ileile mara nne, na shingo yake mwenyewe itamuuma. Siku ya tatu, kabla hajaonyeshwa picha, binti aandike kwenye daftari tarehe, saa alizotumia na bei, kisha amkabidhi baba yake alipe nusu iliyobaki.